Shahidi wa Tatu wa Neno Pombe

Leo, Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Bi. Severa Rogath Kavishe, Mhariri Mkuu wa Nyumba ya Kamusi Mkunguni, anastaafu baada ya kuitumikia nyumba hii kwa miaka thelathini na sita kasoro siku tatu. Tulimwomba azimalizie hizo siku tatu ili hesabu ikae vizuri juu ya keki. Alikataa. Tulimwomba pia abaki kwa mkataba wa miaka miwili, na huo nao akaukataa. Sababu zake ndizo zilizonifanya nishike kalamu, na nitazifikia. Nimepewa kurasa nne za programu hii na sina nia ya kurudisha hata moja.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kwa kuliogopa hilo, mimi Nassibu, mtunza kadi wa nyumba hii, nimekaa meza ya mkabala na Bi. Severa kwa miaka ishirini na saba bila kumsifu hata mara moja. Yeye naye hakunisifu, kwa hiyo hatudaiani. Leo kazi imekwisha, hakuna tena kitu cha kutiwa maji, basi na nimsifu hadi mumwonee haya.

Bi. Severa alizaliwa mwaka 1965 huko Rombo, mkoani Kilimanjaro, mtoto wa tatu wa Mzee Rogath Kavishe na Mama Euphrasia. Baba alifariki watoto wakiwa bado wadogo, mama akawalea na kuwasomesha wote sita. Baada ya sekondari na mafunzo ya uhazili, Severa alishuka Dar es Salaam kwa shangazi yake Ilala, na tarehe 3 Julai 1989 akapanda ngazi za Mtaa wa Mkunguni kwa mara ya kwanza. Wakati ule tulikuwa na chumba kimoja tu juu ya duka la vitenge. Chini mikokoteni ilipita ikitukanana, na juu palikuwa na makabati manane, mashine moja ya kupigia chapa, na mwasisi wetu, marehemu Mzee Shukuru, mwalimu aliyeacha kufundisha watoto akaamua kufundisha nchi nzima.

Aliajiriwa kupiga chapa. Wiki ya kwanza akapewa barua ya Mzee Shukuru aichape, akairekebisha sehemu tatu. Mzee akamwita mbele ya wote.

"Binti, nani kakwambia urekebishe barua yangu?"

"Hakuna, mzee. Nilidhani mkono wako umeteleza."

Mzee aliisoma ile barua mara mbili, akavua miwani, akamhamisha kutoka kwenye mashine hadi kwenye makabati. Kuanzia hapo akawa karani wa kadi, baadaye msomaji prufu, mhariri mwaka 2005, na Mhariri Mkuu tangu 2013. Katika ngazi zote hizo hakuacha tabia yake ya kudhani kwamba mikono yetu imeteleza.

Kwa wageni waalikwa wasioijua kazi yetu, nieleze kidogo. Kamusi ya Mkunguni haiandikwi kwa kukaa na kuwaza. Kila maana ya kila neno ina kadi yake, na kadi haipiti mpaka ipate mashahidi watatu. Shahidi ni mtu aliye hai, mwenye jina, kazi na mahali anapokaa, ambaye amelitamka neno hilo kwa kinywa chake mbele ya mmoja wetu, katika sentensi yake mwenyewe. Kadi inaandikwa hapo hapo, shahidi anasomewa, anatia sahihi au dole gumba. Hakuna simu wala kutumiana ujumbe. Watu wametucheka sana kwa utaratibu huu, hasa tangu zije kompyuta, lakini hakuna aliyewahi kuturudishia kamusi akisema humu mna neno ambalo halisemwi na mtu.

Juu ya makabati kuna kibao chenye kanuni ya pili, iliyoandikwa na Mzee Shukuru kwa rangi nyekundu: Ndugu wa mfanyakazi hawi shahidi. Ililetwa na karani mmoja wa mwanzoni kabisa, mtu mvivu lakini mwenye mwandiko mzuri, ambaye kadi zake zilijaa haraka kuliko za wenzake. Siku moja Mzee aliamua kuwatembelea mashahidi wake kuwashukuru. Aligundua kwamba wote tisa wanaishi nyumba moja Buguruni, wanakula sufuria moja, na mmoja wao hajaanza kuongea.

Hakuna aliyeilinda kanuni hiyo kama Bi. Severa. Mwaka 2001 nilirudi kutoka likizo ya Nachingwea na kadi safi kabisa ya neno uraka, ile pombe ya mabibo ya korosho tunayoifahamu sisi wa Kusini hata tusioigusa. Shahidi alikuwa mjomba wangu, mtu mwenye maneno matamu na sahihi ya kupendeza. Bi. Severa aliisoma, akatabasamu, akairudisha mezani kwangu.

"Nzuri sana, Nassibu. Mjomba wako?"

"Ndiyo, lakini Da' Severa, huyu ndiye anayeijua!"

"Sikatai. Katafute mtu mwingine anayeijua."

Nilinuna miezi mitatu. Nilimpata shahidi wangu mpya mitaa miwili tu kutoka ofisini, fundi viatu wa Masasi, na sentensi yake ilikuwa mbaya kuliko ya mjomba. Ndiyo iliyochapishwa.

Kwa upande wa kutafuta mashahidi, wenzake tulikuwa tunamtania kwamba soko zima linamwogopa. Ni kweli lilimwogopa. Mwanamke wa makamo anayetembea Kariakoo na kadi mkononi na kalamu sikioni ana maana moja tu kwa mfanyabiashara: leseni. Mtaa wa Kongo waliwahi kufunga meza sita mfululizo alipokuwa anatafuta mtu wa kumweleza maana ya neno mafungu. Ilimbidi aanze kutembea na kamusi yenyewe mkononi, ili waone kwamba hajatumwa na halmashauri. Baada ya miaka michache wauzaji wakawa wanamwita wenyewe: mama wa maneno, njoo, leo nina moja mpya.

Sasa niseme habari ya neno moja ambalo halikumpa raha kwa miaka yote hiyo.

Toleo la kwanza la kamusi yetu lilitoka mwaka 1996. Herufi P ilikuwa mikononi mwa karani Severa Kavishe, na ndani ya P mlikuwa na neno pombe. Alilikamilisha kwa siku mbili. Mashahidi wake walikuwa askari mstaafu, karani wa mahakama, na mhubiri. Wote walikuwa jirani na ofisi, wote walijua kuandika, na wote walikuwa na sentensi zilizonyooka. Kadi ikapita kwa kanuni zote, Mzee Shukuru akaipiga muhuri, na nchi nzima ikasoma: pombe, kinywaji kinacholevya, chanzo cha ugomvi na uharibifu, mfano, Pombe imemponza.

Hakuna aliyeona kosa. Msomaji mmoja tu aliliona.

Desemba ile, Bi. Severa alipanda Rombo kwa Krismasi kama Wachaga wenzake, wakatuachia Dar yetu tukipumua. Alibeba nakala mpya, ikiwa na jina lake dogo kwenye ukurasa wa shukrani. Mama Euphrasia alijifunza kusoma kwenye mafundisho ya parokia, na anasoma polepole kwa sauti. Aliosha mikono, akavaa miwani, akaketi na kitabu mapajani. Binti yake alitaka kumwonyesha lile jina. Mama akasema subiri, kwanza nitafute neno ninalolijua. Akafungua P.

Mama Euphrasia alikuwa mpishi wa mbege, pombe ya ndizi ya Uchagani. Ndizi zake, ulezi wake, gome lake la msesewe la kuitia uchungu, mapipa yake nyuma ya nyumba. Kijiji kizima kilijua siku anazopika. Hiyo ndiyo kazi iliyowavalisha sare watoto sita. Alisoma maana hadi mwisho, akarudia mfano, akafunga kitabu na kumwangalia binti yake.

"Severa mwanangu. Kwa hiyo mimi nimekusomesha kwa uharibifu?"

Hakusema kwa hasira. Bi. Severa alinihadithia miaka mingi baadaye, na aliniambia kwamba kama angekuwa na hasira, angalau ingekuwa rahisi. Mama alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayeuliza bei, na akangoja jibu. Kitabu kikafungwa ndani ya kanga na kuwekwa sandukuni, na sikukuu ikaendelea.

Aliporudi Januari alitoa ile kadi kabatini akaiweka juu ya meza yake, na haikurudi kabatini tena. Alikuwa ameshalijua kosa lake. Alikuwa amewauliza kuhusu pombe watu watatu wanaoiona ikishakuwa kesi, na hakumuuliza hata mmoja anayeipika. Mtindo wetu wa kazi uliruhusu hilo. Ulitaka mashahidi watatu, haukusema watoke wapi.

Basi akaanza upya, na hapo ndipo nilipomkuta nilipoajiriwa mwaka 1998. Nilidhani nimeingia kwenye ofisi ya kamusi, kumbe nusu yake ilikuwa ofisi ya pombe. Mwanamke huyu ambaye kwenye sherehe zetu anakunywa soda moja, tena anaigawa, alikuwa na droo nzima ya vileo. Mvinyo alilifuatilia mpaka kwa Wareno, akaonyesha kwamba zamani watu wa pwani walilitumia kwa kile kikali kilichokuja na meli, kabla halijatulia kwenye zabibu. Divai alilikuta limeingia kwa mlango wa kanisa, kutoka kwa Wafaransa. Mtindi alilikuta na maisha mawili, moja la maziwa na jingine la mlevi. Kuhusu pombe lenyewe, kwenye asili aliandika Kibantu na akaishia hapo. Mtaalamu mmoja alimshauri aongeze nadharia ya kuvutia. Alimjibu kwamba nadharia haina dole gumba.

Kilichompendeza zaidi ni jinsi neno lilivyokuwa linahama mjini mwetu. Wazee wa Kariakoo walimwambia kwamba enzi zao pombe ilikuwa ya kilabuni, ya mtama, na bia ilikuwa bia. Ukimwambia mnywa bia kwamba kanywa pombe umemtukana. Baadaye zote zikawa pombe. Kisha serikali na matangazo wakaanza kusema vileo, waalikaji wa harusi wakasema vinywaji, na vijana wakaja na msururu wao wa ulabu, gambe, masanga, mtungi. Siku moja, kwenye grosari ya Msimbazi, alimkuta mbeba mizigo mmoja wa sokoni, Nurdin, amekaa na wenzake baada ya kazi. Wale jamaa walipoona kadi walidhani ametumwa na wake zao. Alipowatuliza akamuuliza Nurdin anakunywa pombe gani.

"Pombe? Hapana mama, sisi hapa tunapata kilaji tu."

"Na pombe je?"

"Pombe anakunywa jirani."

Ile sentensi aliiandika kwenye kadi, Nurdin akatia sahihi huku wenzake wakipiga meza. Bi. Severa alirudi ofisini anacheka peke yake ngazi zote tatu. Alisema Nurdin amemweleza kwa maneno matatu jambo ambalo yeye amelitafuta miaka kumi: neno likishachafuliwa, watu hulikimbia, wakatafuta jingine safi, na kabla halijazeeka nalo limechafuka. Mimi nikamwambia kwamba kwa hesabu hiyo kabati halitatosha. Alisema ndiyo maana aliagiza jingine.

Toleo la pili likatoka 2009. Safari hii maana ya pombe ilikuwa imetulia: kinywaji kinacholevya kitengenezwacho kwa nafaka, ndizi, matunda au asali. Ugomvi umeondoka, uharibifu umeondoka, mfano umebadilika. Mbege imeingia na kadi zake, ulanzi umeingia, uraka wa fundi viatu umeingia. Sote tulifurahi. Bi. Severa alipanda Rombo tena, mama akavaa miwani tena, na baada ya kusoma akasema, "Hapo sawa, tusi limetoka. Ila humu ndani sioni mtu."

Nakiri kwamba niliposimuliwa nilikasirika kwa niaba yake. Nilisema mama yako ni mgumu kuliko kamati yetu. Akanijibu kwamba mama ana haki. Nyumbani kwao mtu aliyemkosea ndugu yake hapeleki maneno matupu, anapeleka pombe. Mpishi anaionja kwanza mbele ya wote, kisha kata inakwenda kwa aliyekosewa, na akishainywa, kosa halitajwi tena. Posa huenda hivyo, shukrani huenda hivyo. Sisi tulikuwa tumeandika kilichomo kwenye pipa na kuwasahau watu waliolizunguka. Ile ilikuwa maana ya pili ya neno, na kamusi nzima haikuwa nayo.

Kwa hiyo akafungua kadi ya maana ya pili, akajiwekea sharti ambalo hakuna aliyemwomba: kati ya mashahidi watatu, mmoja lazima awe mpishi, ili lile kosa la 1996 lisirudiwe. Wanywaji wawili aliwapata mapema. Wa kwanza alikuwa Mzee Elibariki, seremala wa Gerezani, aliyesema, "Kaka alinikatalia salamu mwaka mzima, nikampelekea pombe, yakaisha." Wa pili alitoka Songea, na sentensi yake ilikaribiana na hiyo. Wanaume hawana taabu kuandikwa kwamba walikunywa.

Wapishi ndio waliomshinda. Aliwatafuta kwa miaka kumi na mitano, bondeni Msimbazi, Vingunguti, Manzese, hata alipokuwa akienda misibani kwa watu. Wengi ni wanawake, na wengi walikubali kusema. Mmoja, Bi. Benedikta wa Msimbazi, alimweleza kwa saa nzima habari ya pombe aliyoipika kuwapatanisha wakwe zake, mpaka wote wawili wakatokwa machozi. Ilipofika mahali pa jina, akaushika mkono wa Bi. Severa ulioshika kalamu.

"Jina langu liache, dada. Mwanangu anachumbiwa mwezi ujao."

Wote walisema hivyo kwa namna yao. Mwingine mumewe ni mzee wa kanisa, mwingine anaogopa leseni, mwingine binti yake ni mwalimu. Walilijua neno kuliko sisi sote, lakini hawakutaka kuonekana wamesimama karibu nalo. Bi. Severa hakuwalaumu. Wiki iliyopita, tukipanga makabati, aliniambia kwa nini. Mwaka 1989 kwenye fomu yetu ya ajira palikuwa na mahali palipouliza kazi ya mzazi. Aliandika mkulima. Na alipowatafuta wale mashahidi wa kwanza, askari, karani na mhubiri, haikuwa kwa sababu tu walikuwa jirani. Aliogopa kukaribia pipa mbele yetu tusije tukajua alikotoka. Alilisema hilo huku anafuta vumbi, wala hakuniangalia. Mimi nikaendelea kumpokea droo.

Mpishi mmoja tu nchi hii alikuwa tayari kuandikwa jina lake, kazi yake na mahali anapokaa. Tangu 1996 amekuwa akisema kila Krismasi: niandikeni mimi. Na huyo ndiye pekee aliyekatazwa na kibao chekundu.

Mkurugenzi wetu, Bi. Caroline, alipoelezwa mwaka jana alisema jambo hili ni dogo, kamati itoe ruhusa maalumu. Kamati nzima ilikubali, nami niliyenyimwa mjomba wangu niliinua mkono wa kwanza. Bi. Severa alikataa katakata. Alisema kanuni ikivunjwa kwa mama yake, kesho itavunjwa kwa mjomba wa mtu, na akanitazama. Alisema pia kwamba mama hakuomba kupitishwa mlango wa nyuma. Tukafika hapo, tukakaa, na toleo la tatu likaendelea kupangwa.

Mwezi Aprili Mama Euphrasia, sasa ana miaka themanini na minane, alilazwa kwa kifua wiki mbili. Amepona, namshukuru Mungu, na anaripotiwa kugombana na wajukuu kama kawaida. Lakini Bi. Severa alirudi kutoka kumuuguza na hesabu kichwani. Kati ya toleo la kwanza na la pili ilipita miaka kumi na mitatu, kati ya la pili na hili kumi na sita. Hakuhitaji karatasi kupiga hesabu ya toleo la nne.

Mwezi Mei, Bi. Caroline akamwita na kumpa habari njema: bodi imempa mkataba wa miaka miwili baada ya kustaafu, cheo kile kile, amalizie kazi yake. Kila mtu hapa anajua anavyoipenda kazi hii. Nyumba yake ya Kimara haijaisha paa la nyuma. Alishukuru kwa heshima zote na kuukataa. Nilipopata habari nilipandwa na hasira, na naomba radhi kwa niliyoyasema kwenye ngazi mbele ya wauza vitenge. Nilidhani amepata kwingine. Nilimwambia kwamba watu huondoka kazi ikiisha, hawaondoki wakati prufu za herufi P ziko mezani.

Aliniacha nimalize. Kisha akaniuliza swali moja, kwa ile sauti ya kuirudisha kadi mezani:

"Nassibu, mama ni ndugu wa nani hapa ofisini?"

"Wako."

"Na tarehe moja Julai, mimi nitakuwa nafanya kazi wapi?"

Nilikaa chini pale pale ngazini.

Ndiyo maana hakutaka siku tatu zaidi, na ndiyo maana hakutaka miaka miwili. Mitambo inafunga kurasa za P tarehe 7 Julai. Akibaki nasi kwa mkataba, anabaki mfanyakazi, na kadi ya mama yake inabaki haramu mpaka wakati ambao huenda mama hatakuwepo kusoma. Leo jioni akishakabidhi funguo, nyumba hii haina tena mfanyakazi anayeitwa Kavishe. Hajavunja kanuni hata herufi moja. Amejiondoa yeye ili kanuni isimwone mama yake.

Ndugu waalikwa, kuna mafanikio mengine ambayo wasifu wa kawaida ungeyataja kwanza. Amesimamia maneno mapya elfu tisa. Amewafundisha kazi wasomaji prufu kumi na mmoja, na wawili kati yao leo ni wahariri katika nyumba kubwa kuliko yetu. Alituvusha mwaka 2016 tulipohamisha kadi zote kwenye kompyuta, kisha akakataa kutupa zile za karatasi, na maji yalipoingia kwenye mashine tukaelewa. Amezika wenzake, amesimamia harusi za wenzake, na amenifundisha mimi, mtu wa Kusini niliyekuja na kiburi changu, kwamba kumwamini mtu hakuzuii kumwomba ushahidi. Kwa hayo yote tunamshukuru, na kwa mengine mengi ambayo mikono yetu imeteleza ikasahau kuyaandika.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi mimi na Bi. Severa tunapanda basi la Rombo pale Mbezi. Mimi nakwenda kikazi. Yeye anakwenda kwao. Utaratibu unataka kadi iandikwe na mfanyakazi, mbele ya shahidi, kwa hiyo nitaandika mimi, naye atakaa upande wa wenyeji. Nimeshawaambia kwamba situmii kilaji, nao wamenijibu kwamba maziwa yapo. Sehemu ya juu ya kadi nimeijaza tayari, kwa wino, nikamwonyesha Bi. Severa aihakiki kama alivyohakiki kadi zangu zote. Jina: Euphrasia Kavishe. Mahali: Rombo. Kazi: mpishi wa pombe. Aliisoma polepole, akaisoma tena, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na saba akanirudishia kadi bila kurekebisha kitu.

Mstari wa sentensi uko wazi. Hatujui mama atasema nini, na Bi. Severa amekataa kabisa tumdokezee. Atakachosema ndicho kitakachochapishwa.

Da' Severa, wenzako wote wa Mkunguni, kuanzia Bi. Caroline hadi wauza vitenge wa chini, tunasema asante. Mungu akujalie afya, paa la nyuma liezekwe, na uwe na siku nyingi nyumbani na mama. Nenda ukiwa na furaha. Sisi tutakuletea kitabu kikitoka, na safari hii umwache afungue yeye.

Nassibu, mtunza kadi
Kwa niaba ya wafanyakazi wa Nyumba ya Kamusi Mkunguni